Kamba Nilizoazima Korongoni

Walisema sitashuka. Kusoma walijua nimesoma. Karatasi ya stashahada niliwaonyesha, wakaipokezana mpaka ikapata alama za vidole vya samli. Lakini baba yangu mdogo alisimama mbele ya watu, siku ile niliporudi Sepuka kutoka ng'ambo, akasema: "Eti huyu ndiye Bwana Nyama wa korongo? Huyu tuliyemtuma juu ya tembe kuanua mtama, akalala kifudifudi akilia mpaka mama yake akamtoa?"

Watu walicheka sana. Bwana Nyama ndilo jina walilotuita maofisa wa wanyamapori. Kwa ninyi vijana wa idara mliozaliwa kwenye nyumba za bati, tembe ni ile nyumba yetu ya zamani yenye paa bapa la udongo. Mtu mrefu akinyoosha mkono analigusa paa. Huo ndio urefu ulionishinda utotoni, na baba mdogo alisema kweli.

Mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Vyeo nilivyopata mtavikuta kwenye jalada langu, na ni vingi. Hapa nitaeleza korongo la Isanja, kwa sababu nimesikia wengine wakilisimulia na wote wanalisimulia vibaya.

Nilikuwa mtoto wa mjane. Sikuwa na mjomba ofisini wala mtu wa kunishika mkono. Nilichunga mbuzi asubuhi, nikasoma mchana, na nilipofaulu nilifaulu kwa kichwa changu mwenyewe. Nchi ilipopata uhuru ilihitaji watu wa kushika nafasi za wakoloni walioondoka, nami nikawa mmoja wa waliochaguliwa kwenda ng'ambo kusomea hifadhi ya wanyama na mapori. Kule walitupeleka kutembelea hifadhi ya taifa yenye korongo kubwa kupita akili. Miamba yake imepangana kama mikeka iliyokunjwa, mwekundu juu ya wa njano, na mto chini unaonekana mwembamba kama uzi. Wenzangu walikimbilia ukingoni kupiga picha. Mimi nilikumbatia kichaka cha miiba, nikasema nachunguza majani yake.

Lakini kule nilijifunza kitu ambacho hamtakipata kwenye semina zenu. Mhifadhi wa pale alituonyesha magogo yaliyokwama kwenye ufa wa mwamba, juu sana ya vichwa vyetu, akatuuliza nani aliyeyapandisha. Akasema ni maji. Mvua inanyesha mbali, nyuma ya milima, wewe huku chini jua linakuchoma, halafu maji yanakuja. Alituagiza tutazame kijito: kikibadilika rangi, kikianza kuleta vijiti na mavi ya ng'ombe, usiage mtu, panda. Nilirudi nyumbani na stashahada, fundo moja la kamba linaloitwa fundo la kiti, na onyo hilo. Vitu hivyo vitatu vilinitosha.

Siku yangu ya kwanza Isanja alinipokea Bwana Hango, askari wa wanyamapori aliyefanya kazi tangu enzi za Mwingereza. Alikuwa mtu wa kelele, mwenye masharubu na kofia iliyotobolewa na panya. Aliniambia mara moja kwamba stashahada ni kitu kizuri cha kufunikia chungu. Kisha akanipeleka ukingoni.

Korongo lenyewe liko pale nyanda zetu zinapokatika ghafla, mbele ya vichaka vizito vya upande wa Itigi. Ukitembea humo huoni kitu, ni miiba na nyuki tu, halafu ardhi inaisha. Chini kuna bonde jembamba lenye kuta za mawe ya rangi ya kutu, mitini iliyoota kwenye nyufa, na kijito ambacho kiangazi ng'ombe mmoja angekimaliza. Wakubwa walikuwa wamelitenga eneo hilo wakitumaini siku moja litakuwa hifadhi ya taifa. Njia ya kushuka ilikuwa moja, ya mbuzi, inajikunja ukutani.

Miguu ilikataa. Hango akageuka.

"Unaogopa?"

"Nachunguza mwamba."

"Chunguza kisigino changu," akasema. "Usitazame chini wala juu. Kisigino changu kikienda, na wewe nenda. Kikisimama, simama. Nikianguka, hapo ndipo uogope."

Nilishuka nikitazama nyufa za kisigino cha Bwana Hango, nikazijua kama ramani. Hivyo ndivyo nilivyoshuka mara ya kwanza na mara zote zilizofuata, hata nilipokuwa natangulia mwenyewe: nilikitazama kisigino ambacho hakipo. Woga haukuniacha hata siku moja. Anayewaambia ulimwacha anawadanganya. Nilifanya kazi pamoja nao, kama mtu anavyofanya kazi na karani asiyempenda.

Juu ya korongo, pembezoni, warina asali walikuwa na dago lao, yaani kambi ya majani ya msimu. Mizinga yao waliitundika kwenye miti iliyoinamia bonde, kwa kamba za ngozi ya ng'ombe zilizosokotwa zikawa nene kama mkono wa mtoto. Kiongozi wao alikuwa Mzee Ntandu, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka. Hango alinionya mapema: "Kamba ya mrina asali usiiguse. Ukiihitaji, mwombe mwenyewe kwa mdomo wako, naye akubali kwa mdomo wake, watu wasikie. Ukiichukua kimya wewe ni mwizi, hata kama umeichukua kuzima moto." Nikaliweka hilo kichwani pamoja na desturi nyingine ambazo nilidhani hazitanihusu.

Kisha ukaja wakati wa Ujamaa, na agizo kwamba wananchi nao watembelee mali ya nchi yao, isiwe ya kutazamwa na wageni tu. Agizo zuri, nami niliupenda moyo wake. Basi likaja lori kutoka upande wa Ikungi, limejaa wakulima wa kijiji kimoja cha ujamaa, wanaume kwa wanawake, na ngoma moja, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Nilipokea jogoo kwa niaba ya korongo.

Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mughenyi, mrefu, na koti la suti juu ya msuli. Tulisalimiana kama inavyopasa, yeye akiniuliza habari za kila jamaa yangu na mimi nikiuliza habari za kila jamaa yake, ng'ombe na mashamba. Tulipofika kwenye mashamba akasema:

"Mashamba ni majivu, mwanangu. Mwaka jana mvua ilitupita. Mwaka huu tumepanda tena mbegu za kukopeshana, zimelala tu ardhini. Tumekuja kuona mawe yako kwa sababu kule nyumbani hakuna jani la kutazama."

Bwana Hango siku ile alikuwa kitandani na homa. Nilikuwa peke yangu. Niliwashusha polepole, nikiwaeleza miamba, na nasema bila haya kwamba nilieleza vizuri. Walishangaa, wakagusa mawe, wakauliza nani mwenye hapa na analipa kodi kwa nani. Bibi Salome, mama mzee wa goti bovu aliyekataa katakata kubaki kwenye lori, aliketi juu ya jiwe bondeni akatia miguu kwenye kijito.

"Bwana Nyama," akaniita, "hiyo nyama unagawa lini?"

"Mimi nailinda, bibi. Sigawi."

"Basi ni Bwana Mchoyo."

Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka. Nilikuwa bado nacheka nilipotazama miguu yake. Maji yaliyoizunguka yalikuwa yamebadilika, yakawa kama chai ya maziwa. Kikapita kijiti. Kikapita kingine. Kikafuata kipande cha mavi ya ng'ombe, kinazunguka taratibu, kikakwama kwenye kifundo cha mguu wake.

Juu yetu mbingu ilikuwa buluu tupu. Kisha, mbali sana juu ya kijito, ikasikika ngurumo.

Nilipuliza filimbi. "Juu! Wote juu! Kimbieni!"

Hakuna aliyekimbia. Wanawake walipiga vigelegele. Mwenye ngoma akaigonga. Mzee Mughenyi alivua kofia, akageuza uso kule ngurumo ilikotoka.

"Mzee, shikamoo, nakuomba, amuru watu wapande!"

"Marahaba. Kwa nini?"

"Mvua inakuja!"

"Nimesikia. Ndiyo maana nimesimama." Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetukana mezani. "Wewe si mtoto wa Sepuka? Nani alikufundisha kuikimbia mvua? Tangu mwaka jana tunaililia. Leo inapiga hodi, unataka tuionyeshe visigino? Itarudi ilikotoka, na hata watoto wetu hawataiona."

Nami nilijua anachosema. Hata mimi, na masomo yangu yote, sijawahi kukimbia mvua ya kwanza. Kwetu mtu akinyeshewa njiani anaendelea kutembea mwendo uleule, na mtoto akikimbilia ndani anachapwa. Ningewaeleza habari za ng'ambo, za magogo na nyufa, wangenisikiliza kwa heshima huku wamesimama, na wangekufa kwa heshima. Maji yalikuwa yamefika kwenye muundi wa Bibi Salome. Nilijiona nikiwaandikia ndugu zao. Nilijiona nikisimama Ikungi, mbele ya watoto wao.

Nikapiga goti kwenye tope.

"Baba," nikasema, "kwetu mgeni mkubwa anapokuja, tunampokea wapi? Uvunguni?"

"Uvunguni? Hapana. Mlangoni. Tena nje ya boma."

"Basi huku chini ni uvunguni. Mvua inakuja kwa kule juu, sisi tumejificha huku kwenye shimo kama tunaodaiwa. Itatuonaje?"

Mzee Mughenyi alitazama kuta za korongo. Akatazama ngoma. Muda aliotumia kufikiri ulikuwa mrefu kuliko miaka yangu ya masomo.

"Maneno yako yana ujanja," akasema, "lakini yana adabu." Akainua sauti: "Twendeni juu! Tukaipokee nje ya boma!"

Wakaenda. Lakini jamani, mtu hakimbii kwenda kumpokea mgeni. Walipanda kwa maandamano, ngoma mbele, wanaimba, hatua baada ya hatua, na kila walipofika kwenye kona walisimama kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma na Bibi Salome mgongoni, nikitaka kulia. Sikuweza kuwaambia waharakishe. Nilichoweza ni kuimba kwa kasi zaidi, na namshukuru mwenye ngoma, aliufuata wimbo wangu, na miguu ikaifuata ngoma.

Wengi walikwishafika juu maji yalipotokea kwenye kona. Wanaosimulia wanasema lilikuwa wimbi. Halikuwa wimbi. Lilikuwa kama ukuta wa zizi unaotembea: miti, mawe, tope, mnyama mmoja aliyekufa, na kelele ya malori mengi yanayopanda mlima. Lilikula sehemu ya chini ya njia, kisha, kabla hatujafika kona ya pili, likatafuna udongo wa mbele yetu, njia ikaporomoka. Tulibaki kwenye ubao wa mwamba usiozidi upana wa kitanda: mimi, Bibi Salome, na Mzee Mughenyi aliyekuwa amerudi kutuangalia, kwa kuwa mwenyekiti hatangulii watu wake. Maji yalikuwa yanapanda.

Nilitazama chini. Mara moja tu.

Juu, vichwa vya warina asali vilichungulia. "Kamba!" nikapiga kelele. "Shusheni kamba!"

Mzee Ntandu aliweka viganja mdomoni. "Nani anaazima?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Tunakufa, mzee!"

"Nimeona. Nani anaazima? Kamba moja haifiki, lazima tuunganishe, na kila moja ina mwenyewe!"

"Mimi! Mimi naazima!"

"Omba kwa kila mtu!"

Basi nikaomba. Alinitajia mwenye kamba, nami nikapaza sauti juu ya ngurumo ya maji, "Naomba kuazima kamba yako, kaka!" na sauti ikajibu, "Ichukue!" Kisha wa pili. Kisha wa tatu, aliyekuwa mbali kidogo ikabidi aitwe. Maji yalilamba ukingo wa ubao wetu. Bibi Salome alinishika shati akasema, "Omba kwa adabu, wasikunyime." Mwisho Ntandu akajitaja mwenyewe, nikamwomba, akajibu, "Ichukue," na kamba ikashuka ukutani ikijipigapiga.

Hapa sasa naomba mnisikilize, kwa sababu wasimulizi hulisahau hili. Kamba ikikaza kifuani kwa fundo la kawaida inavunja mbavu za mzee. Nililifunga fundo la kiti, kitanzi kikubwa cha mapaja na kidogo cha kwapani, na halikuteleza hata kidogo. Bibi Salome akapanda akining'inia, kanga yake ikipepea, akiwaamrisha wanaomvuta. Akafuata Mzee Mughenyi, kofia mkononi. Halafu nikabaki peke yangu.

Kamba iliporudi maji yalikuwa magotini. Nililifunga fundo. Hapakuwa na kisigino cha kutazama, kwa hiyo niliyafumba macho, nikahisi mwamba unanikwaruza, nikanyanyuliwa kama mzinga. Sikufungua macho mpaka niliposhika majani.

Hakuna aliyepotea. Tulipoteza sufuria moja na jozi za makubadhi. Na mvua ilifika juu muda mfupi baadaye, matone makubwa, na watu wa Ikungi walisimama pale pale bila kwenda kwenye lori, nyuso juu. Mzee Mughenyi alinishika mkono, mkono wake ukiwa na maji, akasema, "Imetuona."

Nilikwenda kuwashukuru warina asali. Ntandu alikuwa anakunjua kamba, anaziweka kila moja peke yake.

"Hizi hazifai tena," akasema.

"Zimekatika?"

"Hazijakatika. Zimebeba mtu mwenye hofu. Kamba iliyobeba mtu haipandishi mzinga. Nyuki wananusa jasho, wanahama."

Chuoni hatukufundishwa hivyo. Sikubishana. Mtu aliyenusurika kwa kamba ya mwenzake hana la kubisha juu ya kamba hiyo.

"Nitalipa," nikasema.

"Tumesikia wote ukiomba," akajibu. "Leta utakapoweza."

Hapo ndipo wasiwasi wa pili ulipoanza, na huu ulidumu kuliko ule wa maji. Ofisini tulikuwa na ghala la ngozi zilizokamatwa kwa majangili, ngozi za nyati, nene, nzuri, zinaliwa na wadudu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Wenzangu walisema, "Chukua, nani atauliza?" Zilikuwa nyara za serikali. Nililifungua ghala lile mara nyingi kuzipulizia dawa, na kila mara nilitoka haraka.

Nilinunua ngozi za ng'ombe kwenye mnada wa Ikungi, moja moja, na kuzisokota mwenyewe, kwa kuwa deni lilikuwa langu. Ngozi inalowekwa, inakatwa ukanda mmoja kwa kuzunguka kutoka nje kwenda katikati bila kuukata, inavutwa, inasokotwa mbichi, inapakwa samli, inaanikwa kivulini. Ya kwanza ilikauka ikawa kama mkia wa mjusi. Ya pili ilioza. Majirani walilalamikia harufu. Bwana Hango, aliyekuwa amepona, alikuja akakaa karibu yangu kunicheka, kisha akashika ncha nyingine na kunisaidia kuvuta, akiendelea kunicheka. Nyingine zikatoka nzuri. Nasema wazi: katika idara nzima hakuna mwenye stashahada aliyejua kusokota kamba kuliko mimi.

Nilizipeleka kila nilipokwenda doria. Kila mwenye kamba aliikanyaga kwa mguu, akaivuta kwa mikono miwili, akainusa, akaichukua. Ikabaki ya Ntandu tu.

Nilipokwenda na ya kwake, dago lilikuwa tupu. Watu wa vichakani walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara, na hakuna aliyejua yeye amepelekwa kipi. Nilizunguka. Kila kijiji nilichofika niliuliza, na kila mara niliambiwa hapana. Alikuwa mzee. Angeweza kufa huku deni langu likisemwa kwenye matanga yake, mbele ya wanawe: kuna Bwana Nyama mmoja aliyeomba kwa sauti watu wakasikia, kisha akanyamaza. Nilianza kukwepa njia za Itigi, na niliposhindwa kuzikwepa nilipita bila kushusha kioo cha gari.

Nilimkuta siku ya gulio la asali pale Itigi, karibu na stesheni, ameketi nyuma ya debe, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaishusha kamba kwenye gari nikaiweka mbele yake, na nikaanza kueleza kwa nini nimechelewa, vijiji nilivyopita, watu niliowauliza.

Ntandu hakuikanyaga. Hakuivuta wala hakuinusa. Aliikunja taratibu, akaitia begani kama mtu anayevaa shuka lake, akaniangalia.

"Basi," akasema. "Siku ukihitaji nyingine, njoo uombe."